Taarifa nyeti zinavyobaki kwenye kompyuta za kazini, na namna ya kuziondoa kweli

Masika yakiingia, hoteli nyingi za Paje, Jambiani na Nungwi hufunga kwa wiki kadhaa. Ndiyo nafasi ya kuezua makuti yaliyooza, kupiga rangi na kubadilisha vitu vilivyochoka. Kompyuta ya mapokezi nayo huingia kwenye orodha hiyo: imekuwa nzito, inachelewa kufungua barua pepe, na skrubu za nyuma zimeshaanza kutu kwa upepo wa chumvi. Aghalabu inakwenda kwa mfanyakazi aliyeiomba kwa ajili ya mtoto wake wa skuli, au kwenye duka la vitu vilivyotumika mjini, au inatupwa stoo mpaka mtu aikumbuke. Kabla haijatoka, mtu wa mapokezi huambiwa aifute. Anafungua mafolda, anachagua vyote, anafuta, anamwaga pipa la kompyuta, na skrini inabaki tupu.

Ndani ya diski ya mashine ile, picha za pasi za wageni wa miaka yote hiyo huenda bado zipo karibu zote. Zipo na orodha za mishahara ya wafanyakazi, nakala za vitambulisho vyao, vyeti vya bima ya safari ambavyo wageni wamekuwa navyo tangu bima ya Shirika la Bima Zanzibar ilipofanywa lazima 1 Oktoba 2024, na namba za kadi za benki ambazo mtu alizinakili kwenye Excel siku mashine ya malipo ilipogoma. Hali ni hiyo hiyo kwenye zahanati, kwenye afisi ya skuli, kwenye chama cha kuweka na kukopa na kwa sheha mwenye orodha ya wakaazi wa shehia nzima. Wenye taarifa hizo walizitoa kwa sababu waliombwa, na wengi wao hawatajua kamwe zimeishia wapi. Hili ndilo linalonifanya niandike.

Watu wakilizungumza jambo hili huuliza programu gani inafuta vizuri. Swali hilo lina jibu, na nitalijibu, lakini ni nusu ndogo ya kazi. Nusu kubwa ni kujua nini kipo na kipo wapi, maana huwezi kuondoa kitu usichojua kama unacho.

Kufuta kunafuta nini

Diski ina mambo mawili ya kutofautisha. Ipo orodha, inayosema faili fulani linaitwaje, lina ukubwa gani na limekaa wapi. Na ipo nafasi yenyewe, palipoandikwa maneno na picha. Ukifuta faili, kompyuta inaweka alama kwenye orodha kwamba nafasi ile sasa iko huru, ichukuliwe ikihitajika. Yaliyomo hayaguswi. Ni sawa na mtu wa mapokezi aliyekata jina la mgeni kwenye daftari huku mgeni mwenyewe bado amelala chumbani. Atatolewa siku chumba kitakapopewa mwingine, na kwenye diski ya gigabaiti 500 iliyojaa robo tu, siku hiyo inaweza isifike.

Kufomati, ambako wengi wanakuamini zaidi, kwa kawaida kunafanya jambo hilo hilo kwa mkupuo: kunatengeneza orodha mpya tupu na kuiacha nafasi kama ilivyo. Kufomati kwa ukamilifu ni kitu kingine. Tangu Windows Vista, ukiondoa alama kwenye kisanduku cha kufomati kwa haraka, kompyuta huandika sifuri juu ya nafasi yote. Lakini inachukua muda mrefu, na anayetaka kufunga afisi aende zake huiacha ile alama palepale ilipo.

Kuona jinsi faili lililofutwa linavyorudi kunasaidia kuliko maelezo marefu. Ipo programu ya bure inayoitwa PhotoRec. Haijishughulishi na orodha hata kidogo. Inaisoma diski kutoka mwanzo hadi mwisho, ikitafuta alama ambazo kila aina ya faili huanzia nazo. Picha ya JPEG huanza na baiti tatu zinazoandikwa FF D8 FF. Faili la PDF huanza na herufi %PDF. Programu ikizikuta alama hizo inakata kuanzia hapo, inahifadhi faili jipya lenye jina la namba tu, kisha inaendelea. Mtu anaiwasha jioni, asubuhi anakuta mafolda yamejaa mapicha. Hahitaji kuwa mtaalamu. Inatosha awe na subira na ajue kusoma maelekezo.

Mwaka 2003 watafiti wawili wa chuo kikuu cha MIT cha Marekani, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, walichapisha matokeo ya kazi ya namna hiyo. Walinunua diski 158 zilizotumika, nyingi mnadani kwenye mtandao. Zilizoweza kusomeka zilikuwa 129, na katika hizo ni 12 tu zilizokuwa zimesafishwa sawasawa. Kwenye zilizobaki walikuta barua, taarifa za matibabu na namba za kadi za malipo zaidi ya 5,000. Diski moja ilionekana imetoka kwenye mashine ya kutolea fedha ya benki. Wauzaji wengi hawakuwa wazembe wa makusudi. Walikuwa wamefuta, au wamefomati, wakaona skrini tupu na wakaridhika.

Wala mashine kuharibika hakumaanishi kwamba yaliyomo yamepotea. Chombo cha anga cha Columbia kilivunjika angani tarehe 1 Februari 2003, na diski moja iliyokuwemo ikaanguka ardhini ikiwa imeungua na kupondeka. Mafundi walifanikiwa kusoma karibu asilimia 99 ya data zake. Kwa hiyo kompyuta isiyowaka kwa sababu umeme uliporudi uliunguza bodi, au iliyoingiwa na maji ya mvua, bado ina diski inayoweza kuchomolewa na kuchomekwa kwenye mashine nyingine. Ikitupwa kwenye jaa la Kibele, inatupwa na kila kilichomo.

Kutafuta

Ukiuliza kwenye afisi taarifa nyeti ziko wapi, jibu la kawaida ni: "Fundi, vyote vipo hapa, kwenye D." Anayejibu hivyo, akimaanisha sehemu ya diski iitwayo D, anasema kweli kuhusu alichoweka mwenyewe. Tatizo ni kwamba kompyuta nayo hujiwekea nakala bila kumwuliza mtu.

Fuatilia picha moja ya pasi ili uone. Mgeni anaituma kwa WhatsApp kabla hajafika. Mtu wa mapokezi anaifungua kwenye WhatsApp ya kompyuta na kuipakua, hivyo nakala moja inakaa kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Anaiburuta kwenye folda ya mwezi, ya pili. Windows inatengeneza kipicha kidogo cha kuonesha kwenye folda na kukihifadhi pembeni, na kipicha hicho hubaki hata picha yenyewe ikifutwa. Meneja anaomba atumiwe kwa barua pepe, basi ipo kwenye zilizotumwa, na ikiwa anatumia Outlook ipo pia ndani ya faili kubwa moja linalobeba sanduku zima la barua. Mhasibu anaibandika kwenye Word ili aichape pamoja na fomu, na Word inajihifadhia nakala ya dharura. Folda ya mwezi imeunganishwa na Google Drive, kwa hiyo ipo kule, na ikifutwa inakaa kwenye pipa la kule siku 30. Mwisho wa mwezi yote yananakiliwa kwenye flashi ya bekapu, ambayo iko kwenye mtoto wa meza ya mtu ambaye ameshaacha kazi. Hapo sijagusa faili ambalo Windows huandikia yaliyomo kwenye kumbukumbu pale mashine inapolala bila kuzimwa, wala nakala za zamani ambazo mfumo huzitunza ili uweze kurudisha mashine nyuma.

Basi utafutaji uanze kwa watu kabla ya mashine. Kaa na mtu wa mapokezi, na mhasibu, na karani, mmoja mmoja, uulize kazi inavyokwenda: taarifa inaingia kwa njia gani, anaipeleka wapi, nani mwingine anaiona. Nusu saa ya mazungumzo ya namna hiyo inafichua mengi ambayo programu haitayaona, kwa mfano ile flashi.

Baada ya watu ndiyo mashine. Anza na njia ya kishamba: tafuta kwa maneno. Sisi huandika majina ya mafaili kwa Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja, kwa hiyo tafuta "mshahara" na "salary", "pasi" na "passport", "mkopo", "marejesho", "kitambulisho", "Zan ID", "wagonjwa", "dozi", "matokeo". Tafuta ndani ya mafaili pia, maana faili lenye taarifa za watu 300 huenda linaitwa Book1. Kwenye Excel fungua zile karatasi zilizofichwa. Watu huficha karatasi ya mishahara wakadhani wameifunga, kisha wanalituma faili zima kwa mtu wa nje.

Halafu tafuta kwa umbo la namba, na hapa programu zinasaidia sana. Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, mwezi, siku. Mfuatano huo ni rahisi kuuelezea kwa kompyuta, na ukisema lazima mwezi usizidi 12 na siku isizidi 31, unapunguza makosa mengi. Namba ya kadi ya benki kwa kawaida ina tarakimu 16 na mara nyingi huanza na 4 au 5. Tatizo ni kwamba hata namba ya ankara inaweza kuwa na tarakimu 16. Kwa hiyo programu hupima zaidi, kwa hesabu aliyoibuni Hans Peter Luhn wa kampuni ya kompyuta ya IBM na kupatiwa hataza mwaka 1960. Chukua namba 4111 1111 1111 1111, ambayo hutumiwa na watengenezaji wa mifumo kwa majaribio. Ukianzia kulia, kila tarakimu ya pili izidishe kwa mbili: moja saba zinakuwa mbili, jumla 14, na ile 4 ya mwanzo inakuwa 8. Hizo ni 22. Jumlisha na zile moja nane ambazo hukuzigusa, unapata 30. Ikiwa tarakimu ikizidishwa imevuka 9, unaitoa 9 kwanza. Jumla ikigawanyika kwa 10 bila baki, namba inaweza kuwa ya kadi. Isipogawanyika, si ya kadi. Katika namba kumi zilizoandikwa ovyo, tisa zinaanguka kwenye kipimo hiki, na orodha ya kupitia kwa macho inakuwa fupi.

Garfinkel yule yule wa diski 158 alitengeneza baadaye programu ya bure, bulk_extractor, inayofanya kazi hii moja kwa moja juu ya diski nzima, pamoja na sehemu ambazo orodha inasema ni tupu. Inatoa namba za kadi, anwani za barua pepe na namba za simu ilizokutana nazo, na mahali zilipo. Taasisi kubwa hununua programu za kulipia za aina hiyo ambazo huzungukia kompyuta zote za afisi kupitia mtandao wa ndani. Kwa afisi yenye mashine tano sioni haja ya kulipia.

Kuna pahala ambapo haya yote yanashindwa: kwenye picha. Pasi iliyopigwa picha haina maandishi ndani yake kwa macho ya kompyuta. Ina rangi tu. Kwa hoteli zetu hilo ndilo shimo kubwa kuliko yote, kwa sababu takriban kila taarifa nyeti ya mgeni imeingia kama picha. Dawa yake ni programu ya kusoma maandishi kwenye picha. Zipo za bure, Tesseract ikiwa mojawapo. Na pasi ina alama nzuri ya kutafutia: chini ya ukurasa wa picha pana mistari miwili yenye herufi 44 kila mmoja, na wa kwanza huanza na P, kwa kawaida ikifuatwa na alama ya < na kifupi cha nchi. Ya Mwitaliano itaanza P<ITA, ya Mpoland P<POL, ya Mtanzania P<TZA. Ukiisomesha folda nzima ya picha kisha ukatafuta P<, pasi zinajitokeza zenyewe, hata zile zilizochanganyika na picha za harusi ya pwani na menyu ya jikoni.

Kipi kibaki

Ukishakuwa na orodha, usikimbilie kufuta. Mkaguzi wa hesabu atataka vitabu, sheria za kodi zinataka kumbukumbu zitunzwe kwa muda maalumu, na nyaraka za serikali zina utaratibu wake wa kumbukumbu. Karani hawezi kuamua peke yake kwamba jalada limekwisha kazi. Kufuta taarifa za watu kinyume cha sheria nako ni kosa.

Upande wa pili ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023 na kusimamiwa na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Inagusa pande zote mbili za Muungano, ila kwa Zanzibar haiingii kwenye mambo yasiyo ya Muungano, hivyo taasisi ya serikali ya Zanzibar imwulize mwanasheria wake kabla ya kujipangia. Sheria hiyo inataka taarifa zikusanywe kwa sababu inayojulikana na zisitunzwe kupita haja ya sababu hiyo. Miongoni mwa inazozihesabu kuwa nyeti ni taarifa za afya, za watoto, za miamala ya fedha ya mtu, na za alama za mwili kama vile vidole.

Swali la kuuliza kwa kila folda, basi, ni hili: tunaihitaji kwa kazi gani leo? Hoteli inaweza kuhitaji kumbukumbu kwamba mgeni fulani alilala usiku fulani na kulipa kiasi fulani. Haihitaji picha ya pasi yake miaka mitatu baada ya ndege yake kuondoka. Skuli inahitaji matokeo ya mwanafunzi. Barua ya daktari iliyoletwa kuomba ruhusa ya wiki moja haina kazi tena mwanafunzi akisharudi. Maoni yangu ni kwamba picha za pasi ziwe na tarehe ya kufa tangu zinapoingia, na mtu mmoja mwenye jina awe na kazi ya kuzifuta kila mwezi. Inachosha kidogo, ila mashine inapofika siku ya kuuzwa inakuwa na mzigo wa mwezi mmoja tu.

Vya kubaki vihamishwe kwanza, na uvifungue kule vilikohamia uhakikishe vinasomeka. Bekapu isiyojaribiwa nimeiona ikiliza watu wengi.

Kuondoa

Njia inategemea aina ya diski. Mwulize fundi au fungua mfuniko uangalie.

Diski ya zamani, ile ya sahani zinazozunguka, husafishwa kwa kuandikwa juu yake yote kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mara moja inatosha. Watu wanaosema ni lazima mara 35 wanairudia makala ya Peter Gutmann ya mwaka 1996, ambayo ilikusanya mbinu za diski za kila namna za zama zile. Gutmann mwenyewe alishaeleza kwamba kuzifuata zote kwenye diski za sasa hakuna maana. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, wa mwaka 2014 ulikubali kuandika juu mara moja. Programu ya bure ya ShredOS inawekwa kwenye flashi, kompyuta inawashwa kutoka kwenye flashi hiyo, na kazi inaanza. Diski ya gigabaiti 500 itakula saa kadhaa. Umeme ukikatika katikati, anza upya. Ikiwa diski ina sehemu mbovu, usiiamini: diski ikishaona sehemu ni mbovu huiacha na kuhamia nyingine, na maandishi ya zamani yanabaki pale ambapo programu haifiki. Hiyo ivunjwe.

Kama mashine inaendelea kutumika na unachotaka ni kusafisha nafasi ya mafaili uliyoyafuta, Windows ina amri yake. Fungua dirisha jeusi la amri, andika cipher /w:C:\ kisha uiache ifanye kazi. Inaandika juu ya nafasi iliyo huru peke yake, haigusi mafaili yaliyopo.

SSD, yaani diski isiyo na sahani zinazozunguka, ni habari nyingine kabisa, na hapa ndipo ushauri wa zamani unapoleta hatari. SSD haiandiki tena palepale palipokwisha kuandikwa. Kila badiliko inalipeleka sehemu mpya, na kifaa chenyewe ndani kinatunza hesabu ya nini kipo wapi, ili sehemu zote zichakae kwa usawa. Tena ina akiba ya nafasi ambayo kompyuta haioni. Ukiiambia iandike sifuri juu ya faili, itaandika sifuri, lakini pengine pahala pengine. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walijaribu mbinu zilizokuwepo za kusafisha faili moja moja kwenye SSD, na kila mbinu iliacha mabaki. Kwa SSD unatumia amri ya kujisafisha iliyomo ndani ya kifaa chenyewe. Kompyuta nyingi za kazini za HP, Dell na Lenovo zinaiweka kwenye menyu inayofunguka kabla Windows haijawaka, na watengenezaji wa SSD wanatoa programu zao. Kazi yenyewe huisha upesi. Hata hivyo watafiti wale wale walikuta kifaa kilichoripoti kwamba kimesafisha ilhali data zote zilikuwa bado zimo, ndiyo maana nasisitiza kupima baada ya kusafisha: iwashe PhotoRec juu ya diski uliyosafisha. Ikirudi mikono mitupu, sawa. Ikirudi na picha hata moja, kazi haijaisha. Kipimo hicho hakioni ile akiba iliyofichika ya SSD, kwa hiyo kwa taarifa za wagonjwa usikitegemee peke yake.

Flashi na kadi za kumbukumbu hazina amri ya kuaminika ya kujisafisha. Bei yake ni ndogo. Zivunjwe.

Na kuvunja kuna namna yake. Diski ya sahani toboa kwa drili matundu kadhaa yanayopenya sahani zote. Za kompyuta mpakato mara nyingi ni za kioo na hupasuka vipande, kwa hiyo vaa miwani. SSD ina vijisahani vidogo vyeusi (chipu) kadhaa kwenye bodi yake, na data zimegawanywa humo. Tundu moja la katikati linaweza kuvikosa vyote. Kila kimoja kipondwe. Sumaku haiifanyi chochote SSD. Kuichoma moto uani sikushauri, moshi wake ni sumu.

Kumkabidhi mtu mwingine kazi hii kunataka uangalifu kuliko kuifanya mwenyewe. Mwaka 2022 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani iliitoza Morgan Stanley dola milioni 35 kwa kutowalinda wateja wake wapatao milioni 15. Sehemu kubwa ya kisa ni kwamba kazi ya kuondoa maelfu ya diski ilipewa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na uzoefu wowote wa kuharibu data, na baadhi ya vifaa vikauzwa tena vikiwa na taarifa ndani. Kama unauza kompyuta Darajani, ichomoe diski uiuze bila diski. Mnunuzi atapunguza bei kidogo, mpunguzie. Hata unapopeleka mashine kutengenezwa skrini au kibodi, hakuna sababu ya diski kwenda nayo, na fundi mzuri hatachukia ukimwambia hivyo.

Kufunga tangu siku ya kwanza

Ipo njia inayopunguza kazi hii yote, na afisi nyingi tayari wameilipia bila kuitumia. Ni usimbaji wa diski nzima. Kwenye Windows ya Pro inaitwa BitLocker, kwenye Mac inaitwa FileVault. Kila kinachoandikwa kwenye diski kinageuzwa kuwa herufi zisizosomeka bila ufunguo. Diski ikiibwa au ikiuzwa kwa kusahau, anayeichomeka kwingine haoni kitu, na PhotoRec haikuti FF D8 FF wala %PDF. Siku ya kuiondoa, ukiuharibu ufunguo, yaliyomo yamekwenda, hata kwenye zile sehemu za SSD zisizofikika.

Masharti ni mawili. Iwashwe kabla mashine haijaanza kazi, maana kilichoandikwa zamani bila usimbaji kinaweza kuacha mabaki. Na namba ya kurejesha, ambayo kwa BitLocker ina tarakimu 48, ihifadhiwe nje ya mashine ile. Huku kwetu umeme unapokwenda na kurudi kwa kishindo huunguza bodi, na bodi ikibadilishwa BitLocker itaidai namba hiyo. Isipokuwepo, afisi yenyewe ndiyo itakayofungiwa nje. Iandike, ifungie kwenye kabati la fedha. Siku mashine inapoondoka kabisa, karatasi hiyo ichanwe, na nakala iliyopo kwenye akaunti ya Microsoft ifutwe, kwa kuwa mwenye namba ana kila kitu.

Mashine zisizoitwa kompyuta

Fotokopi kubwa za afisini, zile zinazoskani na kuchapa kwa pamoja, nyingi zina diski ndani, na diski hiyo inaweza kubaki na kila kilichopita juu ya kioo. Kampuni ya bima ya afya ya Marekani iitwayo Affinity Health Plan ilirudisha fotokopi za kukodi bila kuzisafisha, na mwaka 2013 ikakubali kulipa dola 1,215,780. Waliohofiwa kuguswa walifika 344,579. Ukikodi au ukinunua fotokopi, uliza kama ina diski na menyu ya kuisafisha iko wapi. Uliza siku ya kuichukua, maana siku ya kuirudisha gari linakuwa mlangoni.

Kinasa picha cha kamera za ulinzi kina diski ya kawaida kabisa, ichomolewe na kusafishwa kama nyingine. Mashine ya mahudhurio inayosoma vidole inahifadhi alama za kila mfanyakazi, hata aliyeacha kazi. Mwenye neno siri la msimamizi aingie kwenye menyu afute watumiaji wote kabla haijatolewa, kisha afute pia nakala iliyopelekwa kwenye kompyuta ya utumishi. Simu za kazini zilizotoka miaka ya karibuni zinasimba zenyewe, hivyo kuzirudisha kwenye hali ya kiwandani kunatosha, ila toka kwanza kwenye akaunti za Google na WhatsApp na uitoe kadi ya kumbukumbu.

Kila kifaa kinachoondoka kiandikiwe mstari kwenye daftari: namba yake ya utambulisho, aina ya diski, tarehe, njia iliyotumika, matokeo ya kupima, na sahihi za watu wawili, aliyefanya na aliyeshuhudia. Daftari hilo likae kwa mkuu wa afisi, na namba ya kifaa isomwe kutoka kwenye diski yenyewe, kwa sababu ile iliyobandikwa nje ya kasha inaweza kuwa ya diski iliyobadilishwa zamani.